Mlinzi wa Mlango: Peter Hardeman Burnett, Sheria na Haki ya Kuingia Magharibi ya Marekani, 1843–1858

Mnamo Desemba 1849, katika mji wa San José, Peter Hardeman Burnett aliapishwa kuwa gavana wa kwanza aliyechaguliwa na wakazi wa California chini ya katiba yao mpya. Wakati huo California haikuwa bado jimbo la Marekani. Ilikubaliwa katika Muungano tarehe 9 Septemba 1850, miezi tisa baadaye. Wajumbe walioitunga katiba hiyo mjini Monterey walikuwa wameupiga marufuku utumwa kwa kauli moja. Walikuwa pia wamejadili pendekezo la kuwazuia watu Weusi walio huru wasiingie nchini humo, wakalikataa. Katika ujumbe wake wa kwanza kwa Bunge, Burnett aliwataka wabunge walirejeshe pendekezo hilo na kulifanya sheria. Kwa hiyo, kiongozi aliyekula kiapo cha kuilinda katiba isiyotambua utumwa aliiomba nchi hiyohiyo isimpokee mtu Mweusi hata kama ni huru.

Ni rahisi kulieleza jambo hilo kwa neno moja tu, yaani ubaguzi, na neno hilo si la uongo. Hata hivyo, halitoshi. Wabaguzi walikuwa wengi Magharibi ya Marekani katika karne ya 19, lakini ni wachache mno waliopata nafasi ya kuugeuza ubaguzi huo kuwa maandishi ya sheria katika nchi mbili tofauti, kisha wakakaa katika kiti cha hukumu na kuutolea uamuzi. Burnett alifanya yote hayo. Alikuwa mtunga sheria huko Oregon mwaka 1844, gavana wa California kuanzia mwaka 1849 hadi 1851, na jaji wa Mahakama ya Juu ya California mwaka 1857 na 1858. Insha hii inadai kuwa uzi unaoziunganisha hatua hizo ni namna yake ya kuiweka hoja. Kila alipokabiliwa na swali la haki za mtu aliyekuwa mbele yake, Burnett aliligeuza kuwa swali la nani anastahili kuingia. Mtu akishazuiliwa mlangoni, hakuna haja ya kumjadili akiwa ndani.

Duka, deni na uwakili

Burnett alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 15 Novemba 1807, na kukulia Missouri, ambako familia yake ilihamia akiwa mtoto. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Sheria aliisoma mwenyewe, kama walivyofanya mawakili wengi wa maeneo ya mpakani wa kizazi chake. Alirudi Tennessee akiwa kijana, akamwoa Harriet Rogers mwaka 1828, akafanya kazi ya ukarani wa duka na hatimaye akawa na duka lake mwenyewe.

Katika kipindi hicho lilitokea tukio ambalo yeye mwenyewe alilisimulia uzeeni katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa mwaka 1880. Mtu fulani alikuwa akiingia dukani usiku kupitia dirishani na kunywa wiski. Burnett alitega bunduki iliyoelekezwa dirishani, ifyatuke yenyewe dirisha litakapofunguliwa. Asubuhi aliukuta mwili wa mtumwa Mweusi. Hakushtakiwa. Haifai kulitwisha tukio hili uzito wa kueleza maisha yake yote yaliyofuata, na msimuliaji mwenyewe alionyesha majuto. Linachothibitisha ni jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba kijana huyo alizoea mapema mazingira ambamo kifo cha mtu wa namna hiyo hakikuibua swali lolote la kisheria kwa aliyekisababisha.

Biashara haikumnyookea. Aliporejea Missouri na kufanya makao yake Liberty, katika Kaunti ya Clay, alichanganya biashara, uhariri wa gazeti na uwakili, huku madeni yakizidi kumlemea. Uwakili ndio uliompa jina. Mwaka 1838 ugomvi baina ya Wamormoni na walowezi wengine wa Missouri uligeuka vita. Gavana Lilburn Boggs alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe kutoka jimboni, na kiongozi wao, Joseph Smith, akafungwa katika jela ya Liberty. Burnett, pamoja na Alexander Doniphan, alikuwa miongoni mwa mawakili waliokubali kuwatetea. Kwa maelezo yake, kesi ilisikilizwa mbele ya umati wenye hasira, na mawakili walikwenda mahakamani wakiwa na silaha, wakijua kwamba huenda wakashambuliwa kwa kazi yao.

Sura hii ya maisha yake haipaswi kupitwa haraka. Inamwonyesha mtu aliyeijua vyema sura ya kufukuzwa. Alikuwa amekaa na watu waliofukuzwa kwa amri ya serikali, akawasemea, na akahatarisha uhai wake ili wapate haki ya kusikilizwa. Miaka michache baadaye alifanya uamuzi mwingine usio wa woga: mwaka 1846, baada ya kusoma mijadala ya kidini kwa muda mrefu, aliingia Kanisa Katoliki, wakati ambapo Wakatoliki walikuwa wakishukiwa na kuchukiwa na Waprotestanti wengi wa Marekani. Hivyo basi, haiwezekani kusema kwamba hakuielewa hali ya watu wachache wanaochukiwa na walio wengi. Aliielewa. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini uelewa huo uliishia pale ulipoishia.

Oregon na viboko 39

Mwaka 1843 Burnett aliwaendea wadai wake na kuwaeleza kwamba akibaki Missouri hataweza kuwalipa kamwe. Walimruhusu aondoke. Huko Washington, Seneta Lewis Linn wa Missouri alikuwa akiupigania muswada ambao ungempa kila mlowezi wa kiume wa Oregon ekari 640, pamoja na ekari nyingine kwa ajili ya mke na watoto. Aidha, mkewe alikuwa mgonjwa, na safari ya kuelekea hali ya hewa nyingine ilidhaniwa kuwa ingemfaa. Mwishoni mwa Mei msafara wa watu karibu 1,000 uliondoka karibu na Independence, wakiwa na magari ya kukokotwa na maksai. Burnett alichaguliwa kuwa kapteni wake, akajiuzulu baada ya siku chache kwa sababu ya afya. Ikumbukwe kuwa kujiuzulu huko hakukuwa kwa mwisho.

Nchi waliyoiendea haikuwa yao kwa kipimo chochote cha sheria. Kwa mkataba wa mwaka 1818, Uingereza na Marekani zilikuwa zimekubaliana kuikalia Oregon kwa pamoja, na mpaka haukukatwa hadi mwaka 1846. Wenyeji Asilia waliokuwa wakiishi humo hawakuwa wameulizwa na yeyote kati ya wawili hao. Walowezi walikuwa wameunda Serikali ya Muda, na mwaka 1844 Burnett alichaguliwa kuingia katika Kamati ya Kutunga Sheria. Mnamo Machi mwaka huohuo, ugomvi uliohusu farasi baina ya watu wawili Weusi waliokuwa wakiishi bondeni na Mwenyeji Asilia aitwaye Cockstock ulikuwa umeishia kwa mapigano na vifo huko Oregon City. Walowezi wakaingiwa na hofu kwamba watu Weusi wangeungana na Wenyeji dhidi yao.

Juni 1844 kamati ilipitisha sheria iliyoandaliwa na Burnett. Kifungu chake cha kwanza kilipiga marufuku utumwa. Vifungu vilivyofuata viliwapa wenye watumwa miaka mitatu kuwaondoa watumwa hao nchini, la sivyo wangekuwa huru. Lakini mtu Mweusi aliye huru mwenye umri wa miaka 18 au zaidi hakuruhusiwa kubaki: mwanamume alipewa miaka miwili ya kuondoka, na mwanamke mitatu. Ambaye angekaidi angechapwa viboko visivyopungua 20 na visivyozidi 39, na adhabu hiyo ingerudiwa kila baada ya miezi sita mpaka aondoke.

Mantiki ya sheria hii inastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa iliandikwa na mwanasheria. Haikumfanya mtu Mweusi kuwa mali, wala haikumnyima haki fulani mahususi ndani ya Oregon. Ilikifanya kosa kuwa ni kuwapo kwake tu. Utumwa ulikatazwa na uhuru wake ukakatazwa pia, na katikati ya makatazo hayo mawili hakukubaki mahali pa kusimama. Desemba ya mwaka huohuo Burnett mwenyewe aliongoza marekebisho yaliyoviondoa viboko na badala yake kuweka kazi ya kulazimishwa: mkosaji angekabidhiwa kwa mtu ambaye angekubali kumtumikisha kwa muda mfupi kuliko wengine, kwa sharti la kumtoa nchini baadaye. Sheria yote ilifutwa mwaka 1845 kabla ya kumpata mtu wa kwanza wa kuadhibiwa.

Baadhi ya watetezi wake wameushikilia ukweli huo, kwamba hakuna aliyechapwa. Hoja hiyo inapotosha, kwa sababu kazi ya sheria ya namna hii hufanyika kabla ya adhabu. George Washington Bush, mkulima Mweusi aliyekuwa na mali na aliyewasaidia wenzake msafarani, alifika Oregon mwaka 1844 na kuikuta sheria hiyo. Yeye na marafiki zake Wazungu waliamua kwenda kaskazini mwa Mto Columbia, ambako mkono wa Serikali ya Muda ulikuwa dhaifu, na mwaka 1845 wakaanzisha makazi katika eneo la Tumwater. Sheria ilikuwa imefanya kazi yake bila kiboko hata kimoja. Isitoshe, wazo lake lilidumu kuliko maandishi yake. Oregon ilipitisha sheria nyingine ya kuwazuia watu Weusi mwaka 1849, ikaliingiza katazo hilo katika katiba yake ya mwaka 1857, na kifungu hicho hakikufutwa hadi mwaka 1926.

Ujumbe mbili za gavana

Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, Burnett aliongoza msafara kutoka Oregon. Alichimba kwa muda kwenye Mto Yuba, kisha akagundua kwamba viwanja vya mji vilikuwa na faida zaidi kuliko mchanga wa mto. Aliajiriwa kuwa wakala na wakili wa John Sutter Mdogo, akauza viwanja vya mji mpya wa Sacramento, na kutokana na mapato yake akayalipa madeni ya Missouri. Kwa haki ni lazima jambo hili litajwe: wadai waliokuwa umbali wa maelfu ya kilomita, wasio na njia ya kumkamata, walilipwa. Katika mambo ya mkataba Burnett alikuwa mtu wa neno lake.

Katika uchaguzi wa Novemba 1849 aliwashinda wagombea wenzake, akiwamo Sutter mkubwa mwenyewe, kwa tofauti kubwa. Ujumbe wake wa Desemba uliitetea hoja ya kuwazuia watu Weusi kwa lugha isiyo na matusi, na hapo ndipo penye hatari yake. Alieleza kwamba watu hao wakiingia hawatapewa haki za kisiasa, kwa hiyo watakuwa tabaka lisilo na sababu ya kujitahidi, nao ni heri wasije kuliko kuja na kudhalilika. Unyimwaji wa haki, ambao ulikuwa tendo la serikali yake mwenyewe, ukawa ndio ushahidi wa kuwanyima watu hao nafasi ya kuingia. Baraza la chini lilipitisha muswada. Seneti iliuahirisha bila kupanga siku, na ukafa.

Palipo na mlango, hata hivyo, pana walioukuta mlango huo ukijengwa mbele ya nyumba yao. Wenyeji Asilia wa California hawakuweza kuzuiliwa wasiingie, kwa kuwa walikuwa ndani tayari. Aprili 1850 Burnett alitia saini sheria iliyoitwa ya kuwatawala na kuwalinda. Iliruhusu watoto wao wachukuliwe na Wazungu mbele ya hakimu wa amani na kutumikishwa, wa kiume hadi miaka 18 na wa kike hadi 15. Mwenyeji aliyehesabiwa kuwa mzururaji aliweza kukodishwa kwa mnada kwa muda wa hadi miezi minne. Na hakuna Mzungu aliyeweza kutiwa hatiani kwa ushahidi wa Mwenyeji. Msomaji wa sheria hiyo hana budi kujiuliza neno “kuwalinda” lililetwa kumtuliza nani.

Katika ujumbe wake wa mwaka, Januari 1851, gavana alikwenda mbali zaidi. Aliwaambia wabunge kwamba vita vya maangamizi baina ya jamii hizo mbili vingeendelea mpaka Wenyeji watoweke, na kwamba jambo hilo ni la kutarajiwa, ingawa ni la kusikitisha. Wanahistoria wengi wameyasoma maneno hayo kama tamko la vita. Usomaji makini zaidi unaonyesha kitu kingine: hayakuamrisha chochote. Yaliandikwa kama utabiri, kana kwamba mauaji yalikuwa hali ya hewa na gavana alikuwa mtazamaji wake. Lakini mtazamaji huyo alikuwa amekwisha kuwaita wanamgambo katika Kaunti ya El Dorado mwaka 1850, na Bunge aliloliambia hivyo liliidhinisha zaidi ya dola milioni 1 kwa ajili ya misafara ya kijeshi katika mwaka 1851 na 1852. Makadirio yanayokubaliwa na wengi huonyesha kuwa Wenyeji wa California walipungua kutoka takriban 150,000 mwaka 1846 hadi takriban 30,000 mwaka 1870. Maradhi na njaa vilichangia sana. Mauaji ya moja kwa moja, yaliyolipiwa kutoka hazina ya umma, yalichangia pia. Mikataba 18 ambayo makamishna wa serikali ya shirikisho walifunga na Wenyeji kati ya 1851 na 1852 ilikataliwa na Seneti ya Marekani na kufichwa hadi mwaka 1905.

Siku chache baada ya ujumbe huo Burnett alijiuzulu, akitoa sababu za shughuli zake binafsi. Naibu gavana John McDougal alishika nafasi yake.

Shauri la Archy Lee

Kama kumbukumbu za Burnett zingeishia hapo, ingewezekana kudai kwamba alikuwa mwanasiasa aliyefuata upepo wa wapiga kura. Shauri la mwaka 1858 linaifunga njia hiyo, kwa kuwa jaji hakuwa akiomba kura ya mtu yeyote siku ile.

Charles Stovall, kijana kutoka Mississippi, aliwasili Sacramento mwishoni mwa mwaka 1857 akiwa na Archy Lee, kijana Mweusi wa miaka kama 18 aliyekuwa mtumwa wake. Stovall alifungua shule na kumkodisha Lee kwa waajiri ili apate ujira wake. Alipotaka kumrudisha Mississippi, Lee alitoroka, akakamatwa, na watu Weusi wa mji wakampatia mawakili. Jaji wa kaunti alimwacha huru. Stovall akalipeleka shauri Mahakama ya Juu ya jimbo, ambako Burnett aliandika uamuzi na Jaji Mkuu David Terry akakubaliana naye.

Sehemu kubwa ya uamuzi huo, uliotolewa Februari 1858, ni kazi nzuri ya kisheria. Burnett alichambua tofauti kati ya msafiri anayepita na mtu anayekaa, akaona kwamba Stovall, aliyefungua shule na kukodisha nguvu za mtumwa wake, hakuwa msafiri. Akakiri kwamba katiba ya California inakataza utumwa na kwamba katazo hilo lina nguvu lenyewe bila kusubiri sheria nyingine ya utekelezaji. Kila hatua ya hoja ilimwelekeza kwenye hitimisho moja tu. Ndipo jaji alipogeuka. Akasema kwamba hilo lilikuwa shauri la kwanza la aina yake, kwamba Stovall alikuwa kijana, afya yake dhaifu, na kwamba hakuwa na namna ya kuijua sheria kwa hakika. Kwa hiyo kanuni isitumike kwake kwa ukali. Archy Lee akakabidhiwa kwa Stovall.

Dhihaka iliyofuata, kwamba mahakama iliipa Kaskazini sheria na kuipa Kusini mtu, ilienea mara moja. Lakini dhihaka hiyo haigusi kiini. Katika uamuzi huo huruma ipo, tena imepimwa kwa uangalifu: ujana, ugonjwa, kutojua. Lee naye alikuwa kijana. Yeye hakupimwa kwa kipimo chochote kati ya hivyo, kwa sababu katika hesabu ya Burnett hakuwa upande mmoja wa shauri. Alikuwa ndicho kilichokuwa kikigombaniwa. Yule aliyetengwa mlangoni Oregon mwaka 1844 alikuwa sasa ameingia hadi ndani ya chumba cha mahakama, na bado hakuonekana.

Watu Weusi wa San Francisco hawakuukubali uamuzi huo kuwa mwisho. Waliweka walinzi bandarini, na mapema Machi Stovall alipojaribu kumpandisha Lee katika meli Orizaba, maofisa waliokuwa na hati za mahakama walimkamata Stovall kwa kosa la utekaji na kumchukua Lee. Michango ilikusanywa, na Edward Baker, wakili aliyekuja kutoka Illinois, akasimama kumtetea. Upande wa Stovall ulikimbilia sheria ya shirikisho ya mwaka 1850 kuhusu watumwa watoro. Tarehe 14 Aprili 1858 kamishna wa shirikisho, George Pen Johnston, mtu wa Kusini kwa asili, alimwachia huru: Lee hakuwa ametoroka kutoka Mississippi kuja California, bali alitoroka akiwa California, na sheria hiyo haikumhusu. Hoja ilikuwa finyu na ya kiufundi, lakini ilifuatwa hadi mwisho wake, jambo ambalo Mahakama ya Juu haikulifanya.

Majira hayohayo Bunge la California lilikuwa likijadili tena muswada wa kuwazuia watu Weusi wasiingie, uleule ambao Burnett aliuomba mwaka 1849. Ulikwama dakika za mwisho. Lakini watu Weusi mia kadhaa hawakungoja matokeo. Walipanda meli kwenda Victoria, katika milki ya Uingereza kaskazini, na Archy Lee alikuwa mmoja wao. Burnett aliondoka mahakamani baadaye mwaka huo. Mwaka 1860 alichapisha kitabu kinene cha kueleza jinsi mwanasheria Mprotestanti alivyofikia Ukatoliki kwa kupima ushahidi, na mwaka 1863 akashiriki kuanzisha Pacific Bank ya San Francisco, akawa rais wake. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1880, miaka 15 baada ya utumwa kufutwa kote Marekani, aliirudia sheria ya Oregon na kuitetea: jamii inayoweza kumnyima mtu kura, aliandika kwa maana hiyo, yaweza pia kumnyima makazi. Alifariki San Francisco tarehe 17 Mei 1895, akazikwa Santa Clara, umbali mfupi kutoka mji ambamo aliapishwa.